Moyo Uendao Mbio Mtu Asimamapo

Kiriba cha maji kikilazwa chini, maji hutandaa ndani yake sawasawa. Kikisimamishwa, maji hujaa upande wa chini, na ngozi hutanuka. Damu ya mwanadamu nayo yataka kufanya vivyo hivyo. Mara mtu asimamapo, damu kiasi cha nusu lita au zaidi yashuka tumboni na miguuni. Kama ingebaki huko, ubongo ungepungukiwa na damu, na mtu angeanguka kila aamkapo kitandani.

Hayawi hivyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupeleka habari upesi kuliko tarishi yeyote. Mishipa ya damu hujikaza, nao moyo huongeza mapigo kidogo, 10 au 20 kwa dakika. Mambo haya yote hutendeka mtu asijue.

Lakini wako watu ambao kwao kazi hii haitendeki sawasawa. Mishipa yao haijikazi vya kutosha, au damu yao ni haba kuliko ipasavyo. Basi moyo wajaribu kuyatengeneza yote kwa kwenda mbio. Katika dakika 10 za kusimama mapigo ya mtu mzima huongezeka 30 au zaidi. Ya kijana wa miaka 12 mpaka 19 huongezeka 40 au zaidi. Aliyekuwa na mapigo 75 alipolala, asimamapo aweza kuwa na 120, kana kwamba amekimbia, naye hakwenda hata hatua moja.

Fikirini msichana mwenye hali hiyo, amesimama mstarini asubuhi pamoja na wenzake. Jua lapanda, na hotuba ni ndefu. Moyo wamdunda, mikono yatetemeka, macho yaona giza. Akiketi, baada ya kitambo apata nafuu. Ndipo watu husema, "Mvivu huyu! Mbona akiketi apona?" Kumbe, kule kupata nafuu akiketi ndiko dalili yenyewe ya ugonjwa. Wengine husema ana pepo. Wote hao wamekosa.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1871 daktari Mmarekani, Jacob Da Costa, aliandika habari za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, vilivyokwisha mwaka 1865. Mioyo yao ilidunda mno, nao walitweta kwa kazi ndogo. Huenda baadhi yao walikuwa na ugonjwa huu. Jina lake la sasa, ambalo kwa kifupi ni POTS, lilitolewa na madaktari mwaka 1993. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza ujanani, pengine baada ya homa.

Si kila moyo wa mbio una sababu hii. Malaria, upungufu wa damu na kuharisha huleta mapigo ya haraka vilevile, na katika nchi zetu hayo ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kwa hiyo daktari hupima damu, kisha huhesabu mapigo mgonjwa akiwa amelala, na tena akiwa amesimama.

Hapana dawa ya kuuondoa ugonjwa huu mara moja, ingawa vijana wengi hupata nafuu kadiri miaka ipitavyo. Mgonjwa hunywa maji mengi, lita 2 au 3 kwa siku. Daktari aweza kumwagiza aongeze chumvi. Asijiamulie mwenyewe, maana chumvi nyingi huwadhuru wengine. Huvaa soksi ndefu zenye kubana. Aamkapo, huketi kwanza ukingoni mwa kitanda, ndipo asimame. Mazoezi humfaa sana, lakini huanza na yale ya kulala au kuketi, ili miguu ipate nguvu ya kuisukuma damu juu.

Akiwa mstarini, hupishanisha miguu na kukaza mapaja. Giza likizidi, huchutama au hulala chini bila kuona haya. Wenzake wasimwinue kwa haraka. Wamwache amelala kivulini, waiinue miguu yake, mpaka damu irudi kichwani.