Mtoto Asiyeketi: Habari za Tiba kwa Vitendo

Wasikilizaji wangu, mama apelekapo mtoto wake zahanati, jambo la kwanza ni mizani. Uzito ukiwa mzuri kadi huandikwa, naye mama hurudi zake nyumbani. Lakini liko swali ambalo mizani haiwezi kulijibu: je, mtoto huyu aweza kufanya nini?

Katika mwaka wa 2006 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza habari za watoto waliochunguzwa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba karibu watoto wote wenye afya huketi pasipo kuegemezwa wafikapo miezi 9 hivi, na kutembea peke yao kabla ya miezi 18. Basi mtoto wa mwaka mmoja asiyeketi asiitwe mvivu, wala asifichwe ndani. Huenda alikosa pumzi alipozaliwa, au alipatwa na manjano kali ya watoto wachanga, au homa ya uti wa mgongo, na ubongo ukadhurika. Dawa ya kuuponya ubongo huo haipo. Walakini mengi yaweza kufanywa, na hiyo ndiyo kazi ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo.

Jina hilo lisiwatishe. Vitendo ni shughuli za kila siku, na shughuli za mtoto ni kula, kucheza, kuvaa na kwenda chooni. Mtaalamu huzitazama hizo, kisha humfundisha mama. (Nasema mama, ila baba naye asikilize, maana kiti nitakachokitaja chahitaji mikono yake.)

Chukueni habari ya kula, iliyo na hatari kubwa. Wengi humlaza mtoto wa namna hii chali na kumtilia uji kinywani. Uji huingia katika njia ya pumzi, akakohoa, akapata nimonia. Wapo wafao kwa sababu hiyo. Yafaa aketishwe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, alishwe kwa kijiko kidogo, na kungojewa hata amemeza ndipo aongezwe. Asipoweza kuketi, aegemezwe katika pembe ya kuta mbili, au atengenezewe kiti. Huko Zimbabwe ulistawi ufundi wa kubandika makaratasi makuukuu, tabaka juu ya tabaka, kwa gundi ya unga uliopikwa, hata yakikauka huwa magumu kama ubao. Kiti cha namna hiyo hakina gharama kubwa.

Katika kumvisha shati, mkono ulio dhaifu uingie kwanza. Katika kumvua, utoke mwisho.

Mataifa yaliyokutana Alma-Ata mwaka wa 1978 yalikubali kwamba afya ya msingi si kinga na dawa tu, bali pia kumrudishia mtu uwezo wake. Hata hivyo wataalamu hawa ni wachache, nao hukaa zaidi katika hospitali kubwa. Kwa hiyo mwuguzi wa zahanati ndiye mlango. Mkiisha kupima uzito, mwambieni waziwazi, "Mtoto wangu bado haketi," mkaombe barua ya kwenda kwa mtaalamu. Mkifika kwake, mwelezeni jinsi mtoto alavyo, alalavyo, na mkono upi autumiao.