Je, Wajua? Negativi Moja, Bei Tofauti

Je, wajua kwamba picha mbili zilizotoka kwenye negativi ileile zaweza kupishana bei kwa mbali sana? Mkusanyaji makini huuliza kwanza: ilisafishwa lini, na nani?

Mtazame mpigapicha Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio mwaka 1948. Wateja walipiga pozi kando ya redio au skuta, wakaondoka na picha ndogo, nyingi za sentimita 13 kwa 18. Miaka ya 1990 negativi hizohizo zilisafishwa upya kwa ukubwa wa kutundikwa ukutani, naye akazisaini. Zile ndogo za zamani, hata zikiwa na makunyanzi, ndizo adimu.

Siku hizi wapigapicha huweka wenyewe kikomo cha nakala. Andreas Gursky wa Ujerumani alitoa nakala 6 tu za picha yake “Rhein II” (1999). Moja iliuzwa New York mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 4. Na ni mto, majani na mawingu tu!

Ukinunua picha, igeuze nyuma utafute saini, mwaka iliposafishwa na namba kama 2/6, yaani nakala ya pili kati ya sita. Kisha usiitundike penye jua, itapauka.