Unakwenda kwa Nani?

Picha ya mtu wa Mungu aliye safarini peke yake inapendwa na dini zote. Awe mhubiri mwenye begi la vitabu, sheikh anayekwenda kusomesha kijiji cha mbali, au mzee wa mvua anayepanda msituni alfajiri, tunapenda kumwona akitembea bila mwenzake, kana kwamba uchache wa watu pembeni yake ndio kipimo cha imani yake. Watu anaokutana nao njiani huingia kwenye simulizi kwa mistari miwili mitatu: huyu alimpa maji, yule alimwonyesha njia, kisha simulizi inaendelea na shujaa wake. Nadhani hesabu hiyo ina kasoro, na milima ya Upare ni mahali pazuri pa kuikagua. Historia ya watu wa dini waliopita huko inaonyesha kwamba watu wa njiani ndio walioifanya safari iwe safari. Bila wao msafiri angebaki bondeni, akiwa na kiu, asijue hata mlima ulio mbele yake unaitwaje.

Tuanze na ardhi yenyewe. Anayetoka Korogwe kwenda Moshi kwa barabara kuu hupita Hedaru, Makanya, Same na Mwanga, milima ikiwa mkono wake wa kulia karibu njia nzima. Uwanda huo wa magharibi ni mkavu, kwa sababu mvua zinazotoka baharini humalizikia upande wa pili wa milima; kilichobaki ni migunga, mibuyu, mikonge na vumbi jekundu. Ukiishia barabarani utaapa kwamba nchi hii haina watu wala maji. Maji na watu wako juu. Huko kuna migomba, mahindi, maharage na tangawizi ya Mamba, na kuna ndiva, yale mabwawa madogo ya kienyeji yanayokinga maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe yateremke mferejini. Maji ya ndiva hayachukuliwi na yeyote aliyewahi. Kila shamba lina zamu yake, na zamu inafuatana na kazi: asiyetokea siku ya kuzibua mfereji anajulikana kwa jina. Mfumo wa namna hiyo hauna nafasi ya mtu asiyejulikana. Ndiyo maana mgeni anayepanda mlimani huulizwa anakwenda kwa nani kabla hajaulizwa anakwenda wapi, na ambaye hana jibu inabidi atafutiwe.

Kielelezo maarufu zaidi cha msafiri wa dini katika ukanda huu ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetoka Rabai, karibu na Mombasa, mwishoni mwa Aprili 1848, akapita Taita na nyanda zilizo kaskazini mwa Upare kwenda Uchagani. Anakumbukwa kwa mwavuli wake, na kwa kuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona theluji ya Kilimanjaro, tarehe 11 Mei mwaka huo. Mara nyingi husemwa kwamba alisafiri peke yake. Lakini alikuwa na kiongozi wa njia, Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara, na alikuwa na wapagazi. Kwa hiyo “peke yake” maana yake ni kwamba hapakuwa na Mzungu mwingine. Watu walioijua njia, waliobeba chakula na kumsemea kwa watawala, wamehesabiwa sifuri. Ni hesabu ya ajabu, na bado tunaitumia bila kuikagua.

Hata ile theluji haikuwa ugunduzi wa mtu mmoja. Rebmann alipouliza ni nini kile cheupe kileleni, Bwana Kheri alimjibu kwa neno la Kiswahili: baridi. Baadaye, akiwa Machame, huko Uchagani, alisimuliwa kwamba mtawala wa zamani aliwahi kutuma kundi la watu wapande kuona kama ile ni fedha, wakafia huko, akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Kwa maneno mengine, wenyeji walikuwa na ushahidi wao, na walikuwa wameulipia kwa roho za watu. Wakati huohuo mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley, akiwa London, alikuwa akiandika kwamba theluji karibu na ikweta haiwezekani. Alikuwa na vitabu vingi, ila hakuwa na mtu wa njiani wa kumwonyesha mlima wenyewe. Rebmann alikuwa naye, na ndiyo sababu yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Upareni kwenyewe jambo hili linaonekana waziwazi zaidi kwenye lugha. Mwaka 1903 Wasabato wawili kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifungua kituo Giti, Upare wa kusini, wakakiita Friedenstal, yaani Bonde la Amani. Baada yao akaja Ernst Kotz, ambaye mwaka 1909 alichapisha sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare. Jalada lina jina moja. Ila hebu fikiria sarufi inapatikanaje. Mtu asiye na kamusi hawezi kukaa chumbani akaitunga. Ni lazima aketi na watu, awaulize jambo lilelile mara kumi, akosee, wamcheke, wamsahihishe. Kila ngeli na kila njeo ya kitenzi iliyomo mle ilitoka mdomoni mwa Mpare fulani aliyekuwa na subira siku hiyo. Mhubiri alikuja na ujumbe, lakini maneno ya kuusemea ilibidi aombe. Na neno lililokuwa zito kuliko yote, jina la Muumbaji, Wapare walikuwa nalo tayari: Kyumbi.

Wala Wapare hawakuwa wageni wa safari za kiroho. Kila ukoo ulikuwa na mpungi wake, kichaka au msitu mdogo ambamo mafuvu ya wazee waliotangulia yaliwekwa, na ambamo hapakatwi mti. Kulikuwa na mshitu, msitu wa jando, ambamo vijana walifundwa. Kulikuwa pia na wazee wa mvua, na wale wa Mbaga walisifika mbali. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyejenga kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare juu ya masimulizi ya wazee, alionyesha jinsi mamlaka ya ibada na mamlaka ya utawala yalivyofungamana katika milima hii. Hapo kuna tofauti na picha yetu ya mwanzo ambayo inafaa itazamwe kwa makini. Mzee aliyeingia mpungi hata akiwa mmoja aliingia kwa niaba ya ukoo. Kama mvua haikunyesha, wote walijua nani wa kuulizwa. Upweke wake ulikuwa kazi aliyotumwa. Jakob Dannholz, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi Mbaga, alitoa mwaka 1916 kitabu juu ya imani za Wapare kwa jicho la mtu aliyetaka waachane nazo, na hata hivyo kurasa zake zisingekuwepo kama wenyeji wasingekubali kumweleza. Alitegemea ukarimu wa imani aliyokuja kuibadilisha. Sijui kama kuna deni gumu kulikiri kuliko hilo.

Atatokea msomaji wa kupinga: wapagazi walilipwa, watawala walipewa nguo na shanga, na mara nyingine mwenyeji alikuwa mnyang’anyi. Ni kweli. Mwaka 1849 Rebmann alitaka kupitia Machame kwenda Unyamwezi, na mtawala wa huko, Mangi Mamkinga, akamkamua mali yake mpaka safari ikavunjika. Lakini hoja yangu haikusema kwamba watu wa njiani walikuwa wema. Nimesema walikuwa wa lazima, na Mamkinga ndiye shahidi wangu bora: mwenyeji mmoja alipokataa, safari yote ilikwisha, na mwavuli haukusaidia kitu. Hata waliojitolea walikuwa na hesabu zao. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na methali hiyo haifichi kwamba mwenyeji naye ana anachokitazamia.

Pingamizi zito zaidi ni la nguvu. Rebmann hakuwa na serikali nyuma yake, ila waliofika mwaka 1903 walikuta utawala wa Kijerumani umeshaketi, na kodi juu. Je, mzee wa Giti aliyempa mgeni uwanja alikuwa na uhuru wa kukataa? Huenda hakuwa nao. Ukarimu unaotolewa chini ya bendera ya mwingine haufanani na ule wa hiari, na anayeusimulia leo kama hadithi ya upendo mtupu anajidanganya. Lakini hilo linaongeza uzito wa watu wale. Kama walilazimishwa kumpokea mgeni, hakuna aliyeweza kuwalazimisha kumfundisha vizuri.

Wapo pia watakaosema kwamba upweke ninaouzungumzia ni wa nje, na kwamba upweke wa kweli wa mcha Mungu uko moyoni. Hoja nzuri, ila tutazame mifano yao wenyewe. Mtume Muhammad alijitenga katika pango la Hira, na vitabu vya sira vinaeleza kwamba chakula alichokwenda nacho kiliandaliwa na Bi Khadija, na kikiisha alirudi kwake. Yesu aliwatuma wanafunzi wawili wawili, akawakataza kubeba mkate na fedha, yaani aliwafanya makusudi wategemee nyumba za watu wasiowajua. Katika Uislamu msafiri aliyekwama njiani ni mmoja wa makundi 8 yanayostahiki zaka. Mahitaji yake ni haki yake juu ya jamii, hayakuachwa kwa anayejisikia kutoa. Dini zenyewe zilijua kwamba mtu wa Mungu njiani ni mtu mwenye njaa. Sisi ndio tuliokuja kuifuta njaa hiyo ili shujaa apendeze.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikifuata uwanda uleule mkavu, na baadaye lami ikafuata njia hiyohiyo. Leo mwinjilisti au mwalimu wa madrasa anaweza kuteremka stendi ya Same saa 6 mchana bila kuongea na mtu tangu Dar es Salaam, masikio yakiwa yamezibwa na spika za masikioni za simu. Hadi hapo anaweza kudai yuko peke yake. Kisha inakuja sehemu ya pili ya safari. Akitaka kupanda Chome, kwenye ule msitu wa hifadhi wenye kilele cha Shengena chenye mita 2,462, atahitaji kibali na mtu wa kumwongoza. Akitaka Vudee, Suji au Mbaga, atasubiri gari lijae, au atapanda bodaboda ambayo dereva wake anajua kona ipi huteleza baada ya mvua, jambo ambalo ramani ya kwenye simu haina habari nalo. Na kabla gari halijaondoka, mama aliyekaa kiti cha jirani na kikapu chake magotini atamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, anakwenda kwa nani. Akijibu kwamba hana mtu, abiria watashauriana wao kwa wao kwa Chasu, kisha mmoja atageuka na kumwambia: basi ukishuka uliza nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji, mwambie umetoka na sisi.