Siyo uvivu, ni maumivu: Kwa nini staa wako anapotea kila mwezi

JUA la Kahe halina utani. Huku chini kwenye tambarare za Moshi, Mlima Kilimanjaro unauona kule juu na theluji yake, lakini wewe unachemka. Wasichana wa sekondari wanaojiandaa na UMISSETA inabidi wasubiri jua lipoe ndipo mpira uwekwe kati.

Na kila timu ya wasichana, iwe ya shule au ya Ligi Kuu, haikosi mchezaji wa aina hii. Wiki tatu anakiwasha kinoma. Anakaba, anapiga pasi, kocha anatamba naye. Wiki ya nne haonekani. Akija, amejikunja chini ya mti, kashika tumbo. Wenzake wanasema anadeka. Kocha anamweka benchi. Mwezi unaofuata, hadithi ni ile ile.

Wengi wa hao wana maumivu ya kawaida ya hedhi, ambayo kidonge na chupa ya maji ya moto tumboni huyatuliza. Lakini wapo ambao kidonge hakifui dafu. Wanatapika, wanazimia, wanasikia maumivu wakienda chooni, mgongo na mapaja vinawaka. Miongoni mwa hao wapo wenye ugonjwa unaoitwa endometriosisi.

WAWILI KATIKA KIKOSI

Kwa lugha nyepesi, nyama inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba inaota nje yake: kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, hata kwenye utumbo. Inavimba, inaleta makovu, na viungo vinaweza kugandana. Chanzo chake hakijajulikana vizuri, na dawa ya kuumaliza kabisa bado haijapatikana. Kinachofanyika ni kuudhibiti.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, sawa na wanawake milioni 190 duniani. Kwa hesabu hiyo, kikosi cha wachezaji 20 kinaweza kuwa na wawili.

Mashabiki wa Arsenal wanamjua Leah Williamson, beki aliyevaa kitambaa cha unahodha wakati England inaifunga Ujerumani 2-1 pale Wembley, Julai 31, 2022, na kubeba Euro. Alichosimulia baadaye ni kwamba ana endometriosisi, na kwamba aliingia kwenye michuano ile akiomba maumivu yasimkute, maana yakimshika hawezi hata kusogea.

Hapa nyumbani aliyepaza sauti ni Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001. Maumivu yalimwanza akiwa binti mdogo, na amepita kwenye upasuaji zaidi ya mara 10. Mwaka 2017 alijifungua mtoto wa kiume.

VITAMINI ZINASAIDIA?

Siku hizi ukilalamika tumbo, dawa ya kwanza kuambiwa ni vitamini. Makopo yapo madukani, na kila muuzaji ana ushuhuda wake. Ukweli uko katikati.

Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokuwa na maumivu ya nyonga. Waliopewa vitamini C na E kwa wiki nane, asilimia 43 walisema maumivu yao ya kila siku yamepungua. Ni dalili nzuri, lakini watu 59 ni wachache, na dozi ya vitamini E iliyotumika ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko mahitaji ya kawaida ya mwili. Siyo ya kujinunulia tu. Vitamini E ikizidi inaweza kuongeza kutokwa damu.

Vitamini D nayo ilijaribiwa, matokeo yakatoka 2020. Wasichana waliopewa walipata nafuu, lakini hata waliopewa vidonge visivyo na dawa walipata nafuu karibu sawa.

Kwa hiyo vitamini ni kama mchezaji wa akiba. Anaweza kusaidia, ila huwezi kumkabidhi mechi nzima. Kwa binti anayetoka damu nyingi, jambo la kwanza ni kupima wingi wa damu, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma unakata pumzi uwanjani. Maharage, dagaa, mchicha na samaki wa Nyumba ya Mungu vinasaidia, pamoja na chungwa au embe. Chai ya kushushia chakula ingoje, inazuia chuma kuingia mwilini.

KIDONGE NACHO KINA SHERIA

Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi vizuri zikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, na baada ya kula. Kuzinywa na tumbo tupu halafu kukimbia dakika 90 kwenye joto la Kahe bila maji ya kutosha ni kuziweka figo hatarini. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu au tatizo la figo aongee kwanza na daktari. Parasetamoli ya miligramu 500 isizidi vidonge vinane kwa saa 24.

Kwa anayeota kuvaa jezi ya Twiga Stars kuna jingine. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, imepigwa marufuku na WADA siku za mashindano tangu Januari 1, 2024. Danazoli, dawa ya siku nyingi ya endometriosisi, imo kwenye orodha ya dawa za kusisimua misuli. Mchezaji anayehitaji dawa kama hizo lazima aombe kibali cha matibabu. Vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango, ambavyo madaktari huvitumia kutuliza ugonjwa huu, havina tatizo hilo. Na makopo ya virutubisho yasiyojulikana yanaweza kuwa na kitu kilichofichwa ndani. Ukipimwa kikakutwa, kesi ni yako, siyo ya muuzaji.

NJIA YA KWENDA KCMC

Binti anayekosa shule au mazoezi kila mwezi asiishie duka la dawa. Aanzie zahanati au kituo cha afya, apate barua ya rufaa kwenda Mawenzi, na ikibidi KCMC, kwa madaktari wa magonjwa ya wanawake. Aende na daftari: tarehe maumivu yalipoanza na kuisha, vidonge alivyomeza, mazoezi aliyokosa. Daftari hilo linamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Picha ya ultrasaundi ikitoka safi siyo mwisho, kwa sababu wakati mwingine ugonjwa huonekana vizuri kwa kamera inayoingizwa tumboni kupitia matundu madogo.

Na wale wanaomwambia "ukizaa itaisha" wamwache. Kuzaa siyo tiba ya ugonjwa huu.

Kocha naye ana kazi yake. Mchezaji akivunjika mguu hakuna anayemwita mvivu, timu nzima inambeba hadi kwenye gari. Huyu wa tumbo anahitaji swali moja tu kabla ya kupelekwa benchi: "Mwanangu, na mwezi uliopita ilikuwa hivi hivi?" Akijibu ndiyo, mazoezi yasubiri. Apelekwe hospitali.