SIMULIZI YA KURA HUNGOJA JIBU

Rungwe ni nchi ya milima, mvua na migomba. Zamani mgombea aliyetaka kura za watu wa huko, tangu Tukuyu mpaka Mwakaleli, hakuwa na budi kupanda na kushuka huku akinyeshewa, tena akawafikia wachache kwa siku. Leo simu ya mkononi humfikishia mkulima wa chai sura na maneno ya mgombea kabla hajatoka shambani. Hilo ni jambo la heri. Lakini yatupasa kujiuliza: je, sauti ya mkulima nayo humfikia mgombea?

Swali hili si geni kwetu. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea ubunge walipewa alama za jembe na nyumba, ili hata asiyejua kusoma apate kuchagua. Haikukawia alama hizo kufanyiwa hadithi: jembe likasifiwa kwa chakula, nyumba kwa kumstiri mtu. Hadithi za namna hiyo humfurahisha msikilizaji, ila hazimwulizi lolote.

Mwaka 1970 redio ilitumiwa kwa njia iliyo bora zaidi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya “Uchaguzi ni Wako”. Wananchi walikusanyika kwa makundi, wakasikiliza kipindi, kisha wakajadiliana wao kwa wao. Redio ilianzisha mazungumzo, haikuyamaliza. Njia hiyo ilipotumiwa tena mwaka 1973 katika kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu wapatao milioni 2 walishiriki, na vyoo vingi vikachimbwa vijijini. Maneno yaliyojadiliwa yalizaa kazi.

Wanyakyusa wenyewe wana neno lao, ukwangala, maana yake kuketi na wenzi na kuzungumza kwa furaha. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwao miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, kwamba ndiko mtu alikojifunza adabu na busara. Na mazungumzo hayawi mazungumzo kwa msemaji mmoja.

Basi mgombea asidhani kwamba kutazamwa na watu wengi katika simu ndiko kupendwa nao. Na asimulie kisa cha kweli cha bei ya majani ya chai au cha barabara ya kupitishia parachichi. Kisha asome majibu, hata yaliyo machungu, naye ayajibu. Mpiga kura naye asieneze habari asiyoipima.

Tena simu isiwe baraza letu la pekee. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatika nchini, na yaliyokuwa yakisemwa humo yakanyamaza. Mgombea aliyezoea kuketi na watu wake bado angesikia neno lao.

Penye wengi hapaharibiki neno. Lakini sharti hao wengi wapate kusema.