Aliyevuta moshi hajijui: mtazame mwenzako

Moto ulipowaka Mlima Kilimanjaro Oktoba 2020, mamia ya watu walipanda kuuzima. Wewe uliyeko Segerea huenda hutaufikia mlima huo, lakini gesi ya hatari iliyomo katika moshi kama ule hutoka pia kwenye jiko la mkaa unaloliingiza ndani usiku.

Agosti 20, 1910, huko Idaho, Marekani, Edward Pulaski, kiongozi wa wazima moto wa misitu, alizingirwa na moto akiwa na watu wapatao 45. Aliwaingiza kwenye shimo la mgodi wa zamani, akawaamuru walale kifudifudi. Yeye alibaki mlangoni akitundika mablanketi yaliyolowa, hadi naye akazirai. Watano walikufa, wengine wakaokoka. Pulaski aliumia macho na mapafu.

Moshi una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Huzishika chembe nyekundu za damu zikashindwa kubeba oksijeni, na ubongo huathirika mapema. Ndiyo maana mtu husema "niko sawa" huku anapepesuka. Anayeweza kumwokoa ni mwenzake anayemtazama.

Mzazi, dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na usingizi usio wa kawaida. Ni rahisi kudhani ni malaria. Jiulize: hana homa? Wameumwa wengi nyumbani kwa wakati mmoja? Wakitoka nje wanapata nafuu? Watoto huathirika haraka kwa kuwa hupumua kwa kasi kuliko watu wazima. Mimba nayo iko hatarini.

Mtoe mgonjwa nje penye hewa safi. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Mpeleke hospitali hata akisema amepona, na umweleze daktari kwamba alivuta moshi, kwani kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni inatosha kumbe sivyo. Palipoungua, pamwagie maji safi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno.

Nyumba ikiwaka, tambaa kutoka nje, kwa sababu moshi na joto hupanda juu. Piga 114, namba ya Zimamoto. Usirudi ndani: anayeingia kwenye moshi bila vifaa anaweza kuwa majeruhi wa pili.

Na leo usiku, kabla hamjalala, jiko la mkaa litoe nje.