Rivolva ya Kwanza: Maswali Ambayo Muuzaji Hatakuuliza

Mtu anayeingia katika duka la bunduki nchini Marekani na kusema hajawahi kumiliki silaha, mara nyingi huonyeshwa rivolva ndogo ya risasi tano. Ataambiwa kuwa ni silaha rahisi: haina magazini ya kuchomeka, haina swichi ya usalama ya kukumbuka, na haikwami. Ijaze, vuta triga. Isipolia, vuta tena. Maneno hayo si uongo, lakini yanaacha mengi. Rivolva ni rahisi kuielewa. Kuipiga kwa usahihi ni kazi ngumu, na kuishi nayo ndani ya nyumba ni kazi ngumu zaidi.

Jambo hili linawahusu wasemaji wengi wa Kiswahili. Wako Wakongomani waliopewa makazi kama wakimbizi huko Texas, Kentucky, Ohio na Iowa; wako Wakenya na Watanzania wanaoendesha teksi na malori usiku, au wanaofunga duka saa ambayo mtaa umekwisha lala. Hofu yao ni ya kweli na haistahili kubezwa. Lakini wengi wao wametoka mahali ambapo raia hawezi kumiliki silaha bila kwanza kueleza anaitakia nini. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wachunguzwe upya. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Katika nchi zote mbili, leseni hutolewa kwa masharti na inaweza kufutwa.

Marekani imejengwa juu ya wazo jingine. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujilinda ni haki ya mtu binafsi. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, haki hiyo ikapanuliwa hadi nje ya mlango wa nyumba. Huko Texas, tangu tarehe 1 Septemba 2021, mtu mzima wa miaka 21 na zaidi ambaye hajazuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila kibali. Maana yake ni kwamba katika majimbo mengi hakuna ofisa atakayekuuliza kwa nini unaitaka silaha hii, utaiweka wapi, na nani mwingine anaishi humo ndani. Maswali hayo hayakufutika. Yamehamishiwa kwako.

Tuanze na silaha yenyewe. Samuel Colt alipata hataza ya Marekani ya rivolva yake mwaka 1836. Kiwanda chake cha kwanza, huko Paterson, New Jersey, kilifungwa baada ya miaka michache. Mwaka 1857 Smith & Wesson walileta rivolva iliyotumia risasi kamili zenye ganda la chuma, badala ya baruti ya kumiminwa. Mwaka 1899 kampuni hiyo ilianza kuuza rivolva iliyokuja kuitwa Model 10, ya risasi za .38 Special. Zimetengenezwa zaidi ya milioni sita, na kwa miongo mingi polisi wa Marekani walibeba ya aina hiyo kiunoni, hadi walipohamia bastola za magazini katika miaka ya 1980 na 1990.

Sifa ya rivolva kuwa silaha ya kutegemewa ilijengwa na bastola hiyo: ya chuma kitupu, yenye mtutu wa takriban sentimita 10, uzito wa karibu kilo moja, mikononi mwa watu waliolipwa ili wafundishwe kuitumia. Mnunuzi mpya anakabidhiwa kitu kingine. Rivolva ndogo ya mfukoni, ya ukoo ulioanza mwaka 1950 na Chiefs Special ya Smith & Wesson, iliundwa ili ifichike. Zile za kisasa zenye fremu ya aloi huwa na uzito wa gramu 450 hivi, mtutu mfupi usiofika sentimita 5, na alama za kulengea ambazo ni mfereji mdogo tu juu ya fremu. Risasi ni ileile ya .38 Special, ila sasa teke lake linapokelewa na silaha yenye nusu ya uzito.

Kisha kuna triga. Katika rivolva nyingi za namna hii, kuvuta triga ndiko kunakozungusha silinda, kunakoinua nyundo na kuiachilia. Kazi yote hiyo inadai nguvu ya kilo nne na nusu hadi tano na nusu za kidole kimoja. Triga ya bastola ya gramu 450 inavutwa kwa nguvu ya mara kumi au zaidi ya uzito wa bastola yenyewe. Mkono usiozoea utaiyumbisha kabla risasi haijatoka, na shabaha itapotea hata kwa umbali wa mita tano. Mzee mwenye vidole vyenye baridi yabisi, au mtu mwenye mikono myembamba, huenda asiweze kuivuta mara tano mfululizo. Hao ndio wanaopendekezewa silaha hii kuliko wote, kwa sababu ni ndogo na nyepesi. Wepesi wa kubeba na wepesi wa kupiga ni mambo mawili yanayovutana, na mnunuzi wa mara ya kwanza anahitaji lile la pili.

Madai kwamba rivolva haikwami nayo yanahitaji kusahihishwa. Chembe za baruti isiyoungua zikiingia chini ya nyota inayotoa maganda, silinda hukaza na triga haivutiki. Fimbo ya kusukumia maganda inaweza kulegea na kuzuia silinda kufunguka. Katika bastola nyepesi sana, teke linaweza kuchomoa vichwa vya risasi zilizobaki hadi vitokeze mbele ya silinda na kuifunga isizunguke. Bastola ya magazini ikikwama, aliyefundishwa huirekebisha kwa sekunde chache. Rivolva hukwama kwa nadra, lakini ikikwama mara nyingi huhitaji meza na vifaa.

Hata ushauri wa kuvuta tena isipolia una hatari yake katika uwanja wa shabaha. Risasi inaweza kuchelewa kuwaka. Ukivuta tena mara moja, silinda huzunguka na kuihamisha risasi hiyo mbele ya chuma, pasipo na mtutu wa kuipitisha. Katika mazoezi, risasi isipolia, uelekeze mtutu kwenye shabaha, usubiri angalau nusu dakika, ndipo ufungue silinda. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama kabisa: kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimenasa ndani ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua. Vidole vikae mbali na mwanya ulio kati ya silinda na mtutu, kwa kuwa hapo hutoka gesi ya moto yenye nguvu ya kukata nyama.

Baada ya yote hayo, ikiwa mtu ameamua kununua, bastola ya kwanza iwe ya chuma, ya ukubwa wa kati, yenye mtutu wa sentimita 10 na alama za kulengea zinazoonekana vizuri. Akichagua iliyotengenezwa kwa ajili ya .357 Magnum, risasi kali iliyotolewa mwaka 1935, ataweza pia kupiga humo risasi laini zaidi za .38 Special, na ni hizo atakazojifunzia. Kinyume chake hakiruhusiwi: ganda la Magnum lilirefushwa kwa zaidi ya milimita tatu ili lisiingie katika bastola ya .38 isiyoweza kuhimili mgandamizo wake.

Akinunua iliyotumika, aombe ruhusa ya muuzaji, afungue silinda, atazame kila tundu na athibitishe kuwa ni tupu. Kisha, mtutu ukielekea mahali salama, avute nyundo nyuma polepole sana, tundu baada ya tundu. Silinda lazima ijifunge mahali pake kabla au pale nyundo inapofika mwisho. Ikichelewa, bastola imechakaa na inaweza kupiga risasi ukingoni mwa mtutu. Aitikise silinda iliyofungwa mbele na nyuma. Ikicheza waziwazi, aiache. Kabla ya kununua ya aina yoyote, mpya au kuukuu, akodi ya namna ileile katika uwanja wa shabaha na apige risasi hamsini. Viwanja vingi vya Marekani vina bastola za kukodisha, na saa moja hapo humfundisha mtu mengi kuliko maneno ya kaunta.

Sasa sheria. Mwenye duka lenye leseni ya serikali kuu haruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21. Mnunuzi hujaza Fomu 4473, huonyesha kitambulisho, na jina lake hupitishwa katika mfumo wa ukaguzi wa rekodi ulioanza kazi Novemba 1998. Baadhi ya majimbo yameongeza masharti: California humsubirisha mnunuzi siku kumi, na New York hudai leseni kwanza. Aliyehukumiwa kwa kosa kubwa la jinai amezuiwa, na vilevile aliyepatikana na hatia ya kumpiga mwenzi wake, hata kama kosa lilihesabiwa kuwa dogo.

Mgeni lazima aangalie hati yake ya uhamiaji kwa makini. Mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kununua kama raia. Mwenye viza ya muda, akiwemo mwanafunzi, kwa kawaida amezuiwa kununua na hata kushika silaha, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Hapa ndipo undugu wetu unapoweza kutuponza. Binamu aliye na viza ya masomo anakuomba umnunulie kwa jina lako, akurudishie pesa. Usikubali. Fomu inauliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, na tangu 2022 kumnunulia mtu mwingine kwa hila ni kosa la serikali kuu lenye kifungo cha hadi miaka 15. Kwa asiye raia, kosa la silaha linaweza pia kuwa sababu ya kufukuzwa nchini, hata baada ya miaka mingi ya kodi na kazi.

Yote hayo ni mepesi yakilinganishwa na suala la nyumba. Anayenunua bastola humfikiria mtu wa nje anayevunja mlango. Takwimu zinaelekeza ndani. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao, 26,328, walijiua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la New England Journal of Medicine ulifuatilia watu wazima wapatao milioni 26 wa California, ukiwalinganisha waliopata bastola kwa mara ya kwanza na wasio nayo. Wanaume wenye bastola walikufa kwa kujipiga risasi kwa kiwango cha takriban mara nane ya wasio nayo, na wanawake takriban mara 35. Hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku za mwanzo baada ya kuinunua, lakini haikuisha hapo. Iliendelea kwa miaka.

Takwimu hizo hazisemi kwamba kila mwenye bastola ana msiba mlangoni. Zinasema kwamba saa ya giza ya mtu, ambayo kwa wengi hupita, haipati nafasi ya kupita pale silaha iliyojaa inapokuwa kwenye droo. Jamii zetu za ughaibuni zina watu wanaobeba kumbukumbu za vita, upweke, madeni na ndoa zilizovunjika, na hawasemi kwa sababu wamelelewa wasilie mbele za watu. Ikiwa ndani ya nyumba yako kuna mtu mwenye huzuni nzito, awe ni wewe mwenyewe, mwenzi wako au kijana wako, huu si wakati wa kuleta silaha, na iliyopo itolewe hadi hali itulie. Marekani ina namba 988 ya kupiga au kutuma ujumbe wakati wowote, na kuipiga si aibu.

Watoto nao hawawezi kufichwa kitu. Juu ya kabati, chini ya godoro na ndani ya mkoba si mahali pa kuhifadhi silaha. Sheria ya serikali kuu iliyopitishwa mwaka 2005 inamtaka mwenye duka ampe mnunuzi wa bastola kufuli au kifaa kingine cha kuilinda. Kufuli hiyo haimsaidii yeyote ikibaki kwenye boksi. Nunua sefu ndogo inayofunguka haraka, ifunge ukutani au sakafuni, na ufunguo au namba zake zisijulikane na mtoto. Rivolva haina swichi ya usalama inayoweza kumzuia mtoto aliyeipata. Sefu ndiyo usalama wake.

Kwa hiyo bei ya rivolva ya kwanza si ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Ongeza sefu, mafunzo ya mwalimu anayetambulika, na risasi za mazoezi ya kila mwezi, si za siku moja tu. Asiyeweza kulipia vitu hivyo vitatu hawezi bado kumudu bastola, hata kama duka litamuuzia na sheria itamruhusu. Mlango imara, taa za nje, mbwa na jirani anayekujua kwa jina vinaweza kununuliwa au kujengwa kwanza, na havitamdhuru mtu wa nyumbani. Wewe unayefikiria kununua, zungumza na kila mtu mzima anayeishi nawe kabla hujaweka saini kwenye fomu. Mmoja wao akisema hapana, msikilize hadi mwisho, kwa maana silaha itakayoingia itakuwa ya nyumba nzima.